Majani Ambayo Ng'ombe Hawali

Mtu akilala mahabusu usiku mmoja huamka na sura ya hasira au ya usingizi. Panga Butu aliamka anacheka.

"Afande, wewe si mtoto," alimwambia Inspekta kabla hata hajaketi. "Nimekata majani miaka kumi na tisa. Nusu ya ng'ombe wa mji huu wamekua kwa mkono wangu. Leo niwaue wanne kwa mpigo, halafu nirudi nyumbani nikalale niwasubiri mje? Hata mwizi wa kuku hukimbia."

"Wengine hukaa ili waonekane hawana kosa."

"Hao wana akili. Mimi ningekuwa na akili, ningekuwa nakata majani?"

Konstebo aliyesimama mlangoni alikohoa kuficha kicheko. Inspekta hakucheka. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, wa sauti ya chini, na pale kituoni walimbandika jina la Mama Tena kwa sababu ya maneno mawili aliyoyapenda kuliko yote.

"Niambie tena," alisema. "Alhamisi ilikuwaje?"

Panga Butu akajifuta uso kwa kiganja. Kicheko kilikuwa kimeanza kumwisha.

"Alhamisi nilipeleka mzigo kwa Bwana Mifugo kama kawaida. Akaupekua mbele ya watu. Akasema majani yangu yamejaa magugu, na kwamba ana wageni Jumatatu, hataki kuaibishwa. Kiangazi hiki, afande! Majani nayatoa ng'ambo ya mto, nayabeba kichwani, halafu mtu ananipekulia kama nimeiba! Nikautupa mzigo chini. Nikamwambia, kuanzia leo ng'ombe wako watakula utakachowapa mwenyewe. Nikageuka. Sijarudi tena."

"Watu watatu wamesema walikusikia ukisema hivyo."

"Hata kumi na watatu. Ndivyo nilivyosema, sikatai."

"Na Jumapili alfajiri ng'ombe wanne wamekutwa wamekufa bandani."

"Ndipo maneno yangu yakaota pembe."

"Na chupa iliyokutwa nyuma ya nyumba yako?"

"Dawa ya kupe. Nina mbuzi wawili. Kupe hawaulizi kama mwenye mbuzi ana mali." Akainama, sauti ikashuka. "Afande, nimeletewa habari, jana jioni wamepiga mawe bati langu. Mke wangu yuko ndani peke yake. Nikipelekwa rumande leo, sitakuta nyumba."

Hilo Inspekta alilijua. Gari la mahakamani huondoka saa nne kamili kila Jumatatu. Mtu akishasomewa shtaka hupelekwa rumande, na rumande ni kama tope la mpunga: kuingia ni mguu mmoja, kutoka ni miezi. Mkuu wa kituo alikwisha kutia sahihi.

"Ana sababu, ana kauli, ana chupa," Mkuu alikuwa amemwambia asubuhi ile, akihesabu kwa vidole. "Unataka nini tena, Mama Tena?"

"Nataka kujua wamekufa na nini, mkuu."

"Una mpaka saa nne. Na usiniletee hisia. Niletee kitu cha kushika mkononi."

Ilikuwa saa moja na nusu.

*

Daktari wa mifugo alifanyia kazi kwenye chumba kidogo chenye sakafu ya saruji na dirisha moja lililovunjika kioo. Alikuwa kijana mrefu aliyezoea kuinamia meza fupi, na macho yake yalionyesha kwamba hakulala vizuri. Mezani kulikuwa na sinia la bati, mkasi, na chujio la chai.

"Chujio hilo ni la nyumbani," alisema alipoona Inspekta analitazama. "Mke wangu akiuliza, hujaliona."

"Sijaliona. Nipe habari ya chupa kwanza."

"Chupa itupe. Dawa ya kupe ingewatoa mate na kuwatetemesha, mboni za macho zingesinyaa, na tumbo lingenuka dawa ukiwa bado mlangoni. Hawa hawana kimojawapo. Hawa mioyo yao ilisimama. Nimewapasua wote wanne, na moyo wa kila mmoja una madoadoa ya damu kama umenyunyiziwa kwa brashi."

"Moyo unasimamishwa na nini?"

Daktari alilisogeza sinia. Humo, juu ya karatasi nyeupe, alikuwa amepanga vipande vya majani kama mtu anayepanga stempu. Vilikuwa vigumu, vya kijani kilichofifia, kila kimoja na mshipa mweupe katikati. Na kutoka kwenye mshipa ule mishipa midogo ilitandaa sambamba, karibukaribu, kama meno ya kitana.

"Nimeyaosha kutoka tumbo la kwanza. Hii ni oleanda. Watu hapa huiita maua ya ofisi."

"Yale maua ya waridi? Yaliyo mbele ya kila ofisi na kila shule?"

"Hayohayo. Konzi moja ya majani yake inamtosha ng'ombe mzima."

Inspekta alivuta kiti akaketi. "Daktari, nimepita mbele ya maua ya ofisi maisha yangu yote. Mifugo inazurura mji mzima. Mbona sijawahi kusikia ng'ombe amekufa kwa kuyala?"

"Kwa sababu ng'ombe si mjinga. Jani bichi la oleanda ni chungu kama kwinini. Akilionja hulitema. Ndiyo maana watu hupenda kulipanda wigo, linakaa miaka na mnyama haligusi."

"Basi hawa wanne waliligusaje?"

Daktari alichukua rula, akampa.

Inspekta alipima kipande cha kwanza: sentimita mbili. Cha pili: mbili. Cha tatu, cha nne, cha kumi. Vyote vilikuwa vimekatwa wima, ncha zimenyooka kama ukucha uliokatwa jana. Akaweka rula chini.

"Panga halikati hivi."

"Hata likiwa kali. Hiyo ni mashine ya kukatia majani. Sasa nusa."

Alinusa. Chini ya ule uvundo wa tumbo palikuwa na harufu nyingine, nzito, tamu, karibu ya kuungua.

"Molasi," alisema.

"Ndiyo. Sikiliza, Inspekta. Jani hili likilala juani siku mbili tatu, uchungu unapungua, sumu haipungui. Ukilikatakata na mabua makavu, ukamwagia molasi, ulimi wa ng'ombe hauna tena pa kuchagulia. Anakula kila kitu kama kimoja. Mdomo wake ndio uliokuwa mlinzi wake, na mlinzi amefungwa macho."

"Panga Butu hana mashine."

"Hana. Lakini wakili wa serikali atasema aliyachomeka kwenye mzigo wake wa Alhamisi, wenye ng'ombe wakayasaga bila kujua."

"Mzigo wa Alhamisi uliliwa lini?"

"Ng'ombe wanne wakubwa? Ijumaa asubuhi haukuwepo. Na sumu hii haingoji mpaka Jumapili."

Inspekta aliandika. Kisha akauliza, bila kuinua kichwa: "Nani mwingine anajua habari ya majani haya?"

Daktari alichukua chujio, akaligeuzageuza.

"Jana jioni nilimpigia Bwana Mifugo. Sikumtajia oleanda, nilimuuliza tu mashine yake imetumika lini. Akasema ina wiki nzima haijawashwa."

"Ulimwamini?"

"Inspekta, yule mzee ndiye aliyenifundisha kushika sindano. Amestaafu, lakini mpaka leo wafugaji wakiumwa na jambo hupita mlangoni kwangu wakaenda kwake. Ninaanzaje kutomwamini?"

"Unaanza kwa kuandika. Andika ulichokiona tumboni, tarehe, sahihi na mhuri. Ya kwake niachie mimi."

Alimsimamia mpaka akamaliza.

*

Boma la Bwana Mifugo lilikuwa la kupigiwa mfano, na lilijua hilo. Njia ilikuwa imefagiwa. Chini ya paa la bati palipangwa viti vya plastiki, mistari minne, kumi kwa kila mstari. Ubao mweusi ulisimama mbele, juu yake kumeandikwa kwa chaki na kwa mwandiko wa kujivunia: LISHE BORA WAKATI WA KIANGAZI. Na kuizunguka nyumba, banda na bustani, ulikuwepo wigo wa oleanda, umepunguzwa juu na ubavuni kama kichwa kilichotoka kwa kinyozi. Maua machache ya waridi yalikuwa yamebaki kwa ndani, pale mkasi ulipokosa kufika.

"Afande," Konstebo alinong'ona, "tumezungukwa na silaha."

"Funga mdomo. Nenda ukatazame mashine. Usiiguse."

Yeye aliingia bandani. Hori lilikuwa refu, la saruji, na jeupe. Alipitisha kidole ndani yake, hakikutoka hata na vumbi. Penye pembe palikuwa na mikwaruzo mipya ya brashi ya waya. Nje ya banda mapipa manne ya maji yalisimama, matatu matupu. Katika kiangazi ambacho watu walikuwa wakioga kwa kikombe, mtu alikuwa amemwaga mapipa matatu kuosha hori la ng'ombe waliokwisha kufa.

Nyuma kabisa, katika kibanda cha peke yake, alimkuta ng'ombe wa tano na mke wa Bwana Mifugo. Mama huyo alikuwa mpana, amevaa mabuti ya mpira na khanga kiunoni, na alikuwa akimlisha ng'ombe kwa mkono, unyasi mmojammoja, kama anayemlisha mgonjwa.

"Pole sana, dada."

"Tumeshapoa, afande, tutafanyaje? Wanne! Mmoja alikuwa na mimba ya miezi saba." Akampiga kofi la mapenzi ng'ombe shingoni. "Amebaki huyu mdekaji."

"Yeye amenusurikaje?"

"Ana kidonda kwenye ukwato, hafiki horini. Namletea majani marefu hapahapa. Mabua hataki, ukimpa anakutazama kama umemtukana mama yake."

"Na wale wenzake, Jumamosi jioni walikula nini?"

"Mchanganyiko. Majani yalikuwa yametuishia. Yule mtu hajakanyaga hapa tangu Alhamisi, si unajua walivyokwaruzana na mzee. Nikakata mabua, nikaongezea na kijani chochote nilichokipata."

"Ulikata kwa mashine?"

"Sasa nikate kwa meno? Haya yaliyobaki nayahitaji."

"Mashine iliwaka Jumamosi. Una hakika?"

"Jumamosi saa kumi jioni. Ufunguo ni huu." Alionyesha kiunoni. "Haujawahi kulala kwingine. Mzee mwenyewe akitaka mashine lazima aniombe."

Inspekta aligusa unyasi uliokuwa mkononi mwa yule mama, kana kwamba unyasi ndio uliomleta. "Kijani gani hicho ulichoongezea, dada? Niambie vyote."

"Magugu ya bustanini. Maganda ya ndizi, kikapu kizima. Na lile lundo la wigo."

"Lundo la wigo."

"Mzee aliupunguza Alhamisi kwa ajili ya wageni wa leo. Matawi yalikuwa yamelala pale juani siku mbili, yanakaribia kukauka. Nikaona kutupa ni dhambi, kiangazi hiki."

"Nilisikia ng'ombe hawali majani yale."

"Hawali! Miaka kumi na moja wigo huu umesimama na hawajang'ata hata jani moja. Ndiyo maana nikatia molasi, nusu ndoo. Nilijua bila molasi watayabagua. Wakala, afande, wakala mpaka wakaramba hori, mpaka nikafurahi nikasema leo nime..."

Aliishia hapo.

Ng'ombe alinyoosha shingo kuufuata unyasi, lakini mkono ulikuwa umeshuka. Yule mama aliutazama wigo. Aliutazama kuanzia kona ya lango mpaka kona ya banda, polepole, kama mtu anayehesabu. Kisha akatafuta pa kukalia, akakuta ndoo imepinduliwa, akaketi.

Inspekta alichuchumaa mbele yake.

"Ni mimi," alisema yule mama.

"Hukujua."

"Nilimuuliza. Wallahi nilimuuliza. Nilisimama mlangoni nikamwambia, mzee, nichanganye na ya wigo? Alikuwa kwenye simu, anawapanga wageni wake. Hata hakunitazama. Akasema changanya, changanya."

"Na hori nani kaliosha?"

"Yeye. Jumapili alfajiri, kabla hajapiga simu polisi. Nikashangaa. Miaka thelathini na tatu ya ndoa sijamwona ameshika brashi. Akaniambia anaosha ili sumu ya yule mtu isimfikie huyu aliyebaki." Akainua uso. Machozi yalikuwa hayajatoka, yalikuwa yamesimama tu. "Afande, huyu hafiki horini. Mzee anajua kwamba hafiki."

Nje, mlio wa pikipiki ulisimama langoni, kisha mwingine. Wageni walikuwa wameanza kufika.

*

Inspekta alimpigia Mkuu wa kituo akiwa amesimama kati ya mapipa. Alimsomea karatasi ya daktari, akamweleza maneno ya mama. Mkuu alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halikuwa desturi yake.

"Ni nzuri," alisema. "Lakini mlalamikaji ni Bwana Mifugo. Nikimwachia yule mtu huku maneno ya mlalamikaji bado yanamshika, mji utasema tumekula. Kauli yake aifute mwenyewe. Akiifuta, nazuia gari."

Saa ilionyesha tatu na dakika kumi na tano.

Bwana Mifugo alikuwa sebuleni, akichagua chaki. Mzee mkavu, aliyenyooka, shati limepigwa pasi mpaka mikono ina makali. Ukutani nyuma yake vyeti vyake vilipangwa kwa miaka, na katikati palikuwa na picha yake mwenyewe akipewa mkono na mtu mwenye tai.

"Karibu, Inspekta. Utanisamehe, nina darasa. Watu wamenisihi niahirishe kwa ajili ya msiba huu, nikasema hapana. Mfugaji hafi na ng'ombe wake."

"Sitachukua muda. Mashine yako iliwashwa lini mara ya mwisho?"

"Wiki iliyopita. Jumatatu au Jumanne."

"Mkeo anasema Jumamosi saa kumi."

"Mke wangu amechanganyikiwa. Wale walikuwa watoto wake."

"Konstebo wangu amechungulia chini ya kisu cha mashine. Kuna molasi bado inanata."

"Basi labda yule mtu aliingia akaiwasha."

"Kwa ufunguo ulio kiunoni mwa mkeo?"

Bwana Mifugo alipuliza vumbi la chaki kwenye vidole. Inspekta alitoa karatasi mfukoni, akaikunjua mezani. Kilikuwemo kipande kimoja cha jani, sentimita mbili, na mshipa mweupe katikati.

"Hiki ni nini?"

"Jani."

"Niambie tena."

Mzee hakulitazama jani kwa muda mrefu. Mtu asiyelijua angeliinua, angeligeuza, angelisogeza kwenye mwanga. Yeye alilitazama mara moja tu, akahamisha macho dirishani. Hiyo ndiyo iliyokuwa kauli yake ya kwanza ya kweli tangu Jumapili.

"Nilikiona kimoja horini," alisema hatimaye. "Alfajiri ileile, kimenata kwenye molasi. Nikajua papo hapo."

"Ukaosha."

"Nimefundisha miaka thelathini na moja, Inspekta. Wametoka watu mbali kuja kulitazama banda hili. Ningewaambia nini? Kwamba mwalimu ameulizwa na mkewe swali la darasa la kwanza, akajibu bila kusikiliza?"

"Ungewaambia hivyohivyo."

"Yule mtu sikumtaja mimi. Majirani ndio waliomtaja. Mimi niliulizwa kama alitamka maneno yale, nikasema ndiyo. Na kweli aliyatamka. Hapo sikusema uongo."

"Hapo hukusema uongo. Uliuacha ukweli wa watu wengine ufanye kazi ya uongo." Sauti ya Inspekta haikupanda. "Umeosha ushahidi, na hilo tutalizungumza siku nyingine, mezani kwangu. Sasa nataka kujua kitu kingine. Wigo huu ni mzuri. Kuna watu uliowapa vipandikizi?"

Chaki ilivunjika mkononi mwa mzee.

Dirishani, viti vilikuwa vinajaa. Mfugaji mmoja alikuwa amesimama kando ya wigo, akiupapasa kwa kiganja kwa jinsi ulivyonyooka, akimwonyesha mwenzake.

"Kila anayemaliza darasa langu," Bwana Mifugo alisema. "Vipandikizi kumi kila mmoja. Nilikuwa nawaambia, pandeni huu, ng'ombe hawali."

"Wana mashine?"

"Ya ushirika. Wanapeana zamu."

"Na kiangazi ni hikihiki, na majani ni hayahaya yasiyopatikana."

"Nipe mpaka kesho, Inspekta. Nitamwita mmojammoja. Kwa heshima."

"Saa nne gari linaondoka na mtu ndani yake. Na sijui ni nani kati ya hao waliokaa pale ameacha mashine inanguruma nyumbani kwake. Wewe unajua?"

Mzee alikusanya vipande vya chaki kutoka sakafuni, kimoja baada ya kingine. Inspekta alimwacha aviokote vyote.

*

Watu arobaini walisimama mzee alipotoka. Wakampa pole kwa sauti moja. Mtu wa mstari wa mbele akasema kwa nguvu kwamba yule mshenzi afungwe maisha, na wengi wakaitikia. Bwana Mifugo aliwaashiria waketi. Akachukua fimbo yake ya kuelekezea, akasimama mbele ya ubao.

"Ndugu wafugaji. Somo la leo limebadilika kidogo. Tutazungumzia mimea ya mapambo. Kama mnavyofahamu, ipo mimea ambayo kitaalamu, chini ya mazingira fulani, hasa ikiwa imenyauka, inaweza kuleta athari..."

Kalamu zilianza kuandika. Inspekta, aliyesimama nyuma kabisa karibu na Konstebo, alitazama saa yake.

"... athari ambazo mara nyingi mfugaji hana namna ya kuzitambua mapema, kwa kuwa..."

"Anza na mtu, mzee."

Vichwa vyote viligeuka. Mkewe alikuwa amesimama kwenye kona ya banda, mabuti yake yana matope, khanga ameishika kifuani kwa mikono miwili. Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayemkumbusha mumewe kofia aliyoisahau.

"Anza na mtu. Majani yatafuata."

Bwana Mifugo aliitazama fimbo. Akaiegemeza ubaoni, ikateleza, ikaanguka, hakuiokota.

"Mkata majani hajaua ng'ombe wangu," alisema. "Nimewaua mimi. Jumamosi mke wangu aliniuliza kama achanganye matawi ya wigo kwenye chakula. Nilikuwa na kazi ya kujipamba, sikumsikiliza, nikamwambia achanganye. Jumapili niliijua sababu kabla jua halijatoka, na nikawaacha mkamkamata yule, nikawaacha mkapiga mawe nyumba yake. Nayafuta yote niliyoandikisha polisi. Inspekta yule pale, ananisikia."

Yule wa mstari wa mbele alikuwa amebaki na mdomo wazi, maneno yake ya kwanza bado yananing'inia hewani, hana pa kuyaweka.

"Sasa majani. Ni huu wigo. Huu niliowapa. Ukiwa mbichi ng'ombe hawali, hilo ni kweli. Lakini ukiukata, ukaunyausha, ukausaga na molasi, wanakula, na moyo unasimama. Hakuna dawa ya kuwapa. Niliwafundisha nusu ya jambo, na nusu niliyoiacha ndiyo inayoua."

Mwanamke mmoja wa mstari wa tatu aliinuka. Daftari lilimwanguka miguuni.

"Mimi nimekata wa kwangu Ijumaa," alisema. "Leo ndiyo zamu yangu ya mashine. Nimemwacha mkwe wangu anasaga."

"Piga simu," alisema Bwana Mifugo.

Alikuwa ameshapiga. Akapiga na wa pembeni yake, na wa nyuma yake. Na kabla mtu hajajua, viti vilikuwa vimepinduka na boma zima limejaa sauti. *Usiwape! Mwaga! Sikia, mwaga chini, funika na udongo! Molasi umetia? Nauliza umetia? Mtoe ng'ombe bandani, mtoe sasa hivi, nitakueleza!* Mzee mmoja aliyekosa salio alikuwa anazunguka kuomba simu kwa kila mtu, analia bila aibu. Bwana Mifugo alisimama katikati yao mikono mitupu, anajibu kila anayemuuliza: ndiyo, na kavu pia, ndiyo, na mbuzi pia.

Inspekta alisogea mpaka ukutani, akaziba sikio moja kwa kidole.

"Mkuu? Kauli imefutwa. Mbele ya mashahidi arobaini."

"Makelele gani hayo? Mko sokoni?"

"Mtoeni Panga Butu, mkuu. Konstebo mmoja amsindikize mpaka mlangoni kwake, watu wamwone."

"Mama Tena, gari limeshawashwa."

"Basi lizimwe, mkuu."